Sylvère Cirimwami, Fundi wa Majani ya Mgomba

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kumsalimu mtu yeyote, marehemu Sylvère Cirimwami alitoka uani na shuka begani akaenda kunusa majani yake. Yalining'inia kwenye kamba, nguo za watoto upande mmoja, majani makavu ya mgomba upande wa pili, naye alipita katikati polepole, akishika moja, akilipeleka puani, akilirudisha. Lililonuka ukungu alilitoa, akamwachia mama jirani awashie moto. "Hili lililala vibaya," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsemea mgonjwa. Ndipo aliporudi ndani kuuliza kama watu wameamka salama. Waliohamia juzi mtaani kwetu Nyakabiga, hapa Bujumbura, walidhani ni mambo ya dawa. Wa zamani walijua kwamba mtu yuko kazini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Walungu, Kivu ya Kusini, nchini Congo, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Cirimwami, aliyekuwa akipika pombe ya ndizi, na mama Nabintu, mkulima wa muhogo. Alikulia ndani ya migomba. Alikuwa akisema kwamba mvua ya kwanza aliyoisikia maishani ilikuwa juu ya majani hayo, si juu ya bati.

Alianza shule ya msingi kwenye misheni ya Walungu mwaka 1978, akaimaliza 1984. Sekondari alifanya miaka miwili tu, kwa maana baba yake alifariki mwaka 1986 na nyumba ikahitaji mikono. Lakini huko misheni bruda mmoja aliwafundisha wanafunzi kutengeneza kadi za Noeli kwa majani makavu ya mgomba: unakata kwa wembe, unabandika kwenye kartoni, hupaki rangi hata moja. Rangi zote zimo kwenye mgomba wenyewe. Ganda la nje lililonyeshewa ni jeusi, la katikati ni kahawia, la moyoni ni jeupe kama pembe. Siku moja Sylvère alitengeneza picha ya mwalimu mkuu akiwa anaenda zake, ameonekana mgongo tu. Darasa zima lilimtambua, likacheka mpaka machozi. Mwalimu mkuu aliishika picha, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Ni nani huyu?" Yeye peke yake hakujijua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona mgongo wake.

Mwezi wa Juni 2004, vita ilipoingia Bukavu, alitoka na dada yake mdogo Esperance, wakapita Uvira, wakafika Bujumbura wakiwa na godoro moja na sufuria. Kazi ya kwanza ilikuwa kubeba magunia kwenye madepo ya Quartier Industriel. Jioni alirudi na kartoni zilizotupwa, maana mfuko wa wembe na majani alikuwa nao tangu Walungu. Katika picha zake zote za miaka ile watu wanaonekana mgongo: mama na mzigo, mzee na baiskeli, mtoto na kidumu cha maji. Watu wakamuuliza kwa nini hawageuki. Alijibu, "Njiani mi niliona migongo tu. Kila mutu alikuwa mbele yangu."

Majani ndiyo yaliyompeleka Carama. Mjini migomba ni michache, na kule Carama, pembeni mwa mji, watu bado wanalima. Alibisha kwa mzee Zénon Nizigama akaomba yale yaliyokauka mtini, yale ambayo watu huyakata na kuyatupa.

"Na ndizi?" mzee Zénon akauliza.

"Ndizi mubaki nazo."

Mzee akageuka akawaambia waliokuwa ndani, bila kupunguza sauti, "Huyu mutu ni mujinga ao ni muchawi. Kama ni mujinga tumupe. Kama ni muchawi tumupe pia, aende mbali."

Aliyetumwa kumkatia ni binti wa nyumba, Consolée. Wiki iliyofuata Sylvère alirudi. Na iliyofuata. Baadaye Consolée alisema kwamba kufikia mwezi wa tatu migomba ya kwao ilikuwa haina jani kavu hata moja, na mtu huyu bado anakuja.

Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 2006, parokiani. Siku ya kutoa mahari, upande wa mume ulikuwa na bahasha nyembamba na hauna ng'ombe. Sylvère akafunua kitambaa, ikatoka picha ya ng'ombe mwenye pembe ndefu, majani matupu. Msemaji wa upande wa mke akauliza kama huyu naye anakula nyasi. Msemaji wa upande wa mume akajibu kwamba hana haja, yeye mwenyewe ni majani. Wazee wakacheka, wakapokea. Lakini siku zile Sylvère alikuwa akibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na kosa hilo hulifanya kila anayeanza kazi hii: uji wa muhogo ni chakula. Mende wakaingia. Kabla ya mwaka kuisha ukaja ujumbe kutoka Carama: "Mukwe, ngombe yako imelala. Kuja uisimamishe." Mende walikuwa wamekula miguu yote minne. Alikwenda akaisimamisha, na safari hiyo alichanganya uji na maji ya mwarobaini ili uwe mchungu. Mpaka leo mzee Zénon akimtania mtu asiye na mali, humwambia ana ng'ombe wa mukwe wake.

Mwaka 2008 marehemu aliingia katika umoja wa mafundi wanaokutana kwa Mama Caritas, mfinyanzi, Nyakabiga ya pili. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, uwanja ule hufagiliwa, vitu hupangwa na kutundikwa ukutani, na mtaa mzima huingia kutazama: vyungu, vikapu, mbao zilizochongwa, viatu vya matairi. Kuna desturi pale ambayo haina mchezo. Zamani mtu mmoja alileta vinyago alivyonunua kwingine akasema ni vyake. Tangu hapo kila mwenye kitu ukutani lazima akae kwenye kiti cha mbele, afanye kipande cha kazi yake watu wakimwona. Wanaita kufungua mkono. Na aliyekaa haamki mpaka kipande kiishe: mfinyanzi mpaka mdomo wa chungu ufunge, mchongaji mpaka jicho litoke, mtu wa majani mpaka gundi ishike. Akiamka kabla, vitu vyake vinashushwa, na hakuna wa kumtetea.

Sylvère alikaa kwenye kiti kile kila maonyesho kwa miaka kumi na minne. Watu walisimama kwenye matofali ili wamwone. Consolée alikaa chini pembeni yake, akimchagulia majani na kumpa, bila kuambiwa ni lipi.

Mwaka 2014 Esperance alifariki, akaacha watoto wawili wadogo, Lisette na Divin. Marehemu aliwachukua siku ya mazishi ileile. Hakuna kikao kilichokaa juu ya jambo hilo. Aliwaambia tu, "Twende nyumbani," wakaenda, wakakua pamoja na watoto wake mwenyewe, Ingrid na Loïc.

Tarehe 9 Agosti 2022, akiwa anakata kartoni, wembe ulimponyoka. Alitaka kuuokota, mkono ukakataa. Mdomo nao ukaenda upande. Hospitalini wakasema ni tansiyo, shinikizo la damu, imepanda kichwani. Baada ya majuma machache mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, maneno yakarudi. Mkono wa kuume haukurudi. Ulikaa pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akitunze.

Yanayofuata yalikuwa siri ya nyumba. Yanasomwa hapa kwa sababu mjane, Mama Consolée, ameomba yasomwe, na amesema yasipunguzwe.

Mezani palikuwa na picha iliyofika nusu, ya maonyesho ya Desemba mwaka ule. Consolée aliona majani yatajikunja, kazi itapotea, akaimalizia. Tatizo likawa migongo. Kila alipokata mgongo, mtu alitoka ameinama kama anaumwa tumbo. Akajaribu kumgeuza. Uso ukatoka. Akamgeuza wa pili, na wa tatu. Sylvère alikuwa kitandani akimtazama. Jioni akasema, "Hao watu wanatuangalia."

Picha ilitundikwa kwa jina la Sylvère. Consolée alikwenda kwa Mama Caritas akamwambia kwamba mzee anaendelea vizuri ila tansiyo haimruhusu kukaa mbele ya watu, basi apewe kazi ya kuita majina, kwa kuwa mwenye kuita majina hakai. Mama Caritas akakubali. Na watu walipofika mbele ya picha ile walisimama muda mrefu. Walisema ugonjwa umemfundisha. Fundi Idi, mchonga mbao kutoka Buyenzi, ambaye hana jambo asilolitania, alimpiga begani: "Kaka, ugonjwa ulikuingilia mukononi ukakutokea machoni. Na mi niugue kidogo basi."

Watu walicheka. Sylvère naye alicheka, nusu.

Ikawa hivyo miaka mitatu. Consolée alifanya kazi mlango umefungwa. Akimaliza, aliandika jina la mume wake chini ya picha. Hakuona kwamba ameibiwa kitu. Aliona kwamba amemvika mume wake nguo ili asitoke uchi mbele ya watu, na mke gani asiyefanya hivyo? Aliyekuwa anaumia ni Sylvère. Siku za maonyesho alirudi nyumbani bila kula. Mara mbili alitaka kusema, na mara mbili Consolée akamwambia angoje Juni, angoje Desemba.

Mwezi wa Novemba 2025 Mama Caritas alikuja mwenyewe nyumbani, na furaha yake. Wageni wanaoandaa maonyesho makubwa ya mjini walikuwa wamesikia habari za zile nyuso, wanataka kuuona mkono unaozitengeneza.

"Utakaa wa mwisho, mzee wetu," akasema. "Hata kwa kushoto. Hata jani moja."

Sylvère akamwangalia mke wake. Consolée akamwangalia Mama Caritas, akasema, "Atakaa."

Ijumaa, siku moja kabla, Consolée alikuwa anachambua maharage pale uani. Alimwambia mume wake kwamba kesho aseme ameamka vibaya, abaki nyumbani, tansiyo haina mwenyewe.

"Apana," Sylvère akasema. "Kesho mi nitasema."

"Utasema nini?"

"Ile tunayijua."

"Watu watakucheka, Papa Ingrid. Na picha zitashuka. Jina lako ndilo linalisha hii nyumba."

"Na we? Jina lako linalisha nani?"

"Langu halina shida. Mi nakula pamoja na nyinyi."

"Mi sishibi tena," akasema. "Miaka tatu nakula sahani ya mutu, na mutu mwenyewe ananipakulia."

Consolée aliweka ungo chini. "Sikiliza. Ukisema, mi sikai kwenye ile kiti. Utabaki umesimama na ukweli wako."

Usiku ule walilala kila mtu na ukuta wake.

Marehemu alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 6 Desemba 2025, karibu saa tano za asubuhi, Nyakabiga, mbele ya duka dogo mkabala na kwa Mama Caritas. Mwenye duka anasema alimwomba maji, akaketi kwenye kreti tupu, na maji yalipoletwa yalimkuta hayupo tena. Hakulia, hakuita mtu. Daktari alisema ni tansiyo ileile, imerudi kwa mara ya pili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Anamwacha mjane, Consolée Nizigama. Watoto, Ingrid na Loïc. Watoto wa dada yake ambao hakuwahi kuwaita wa dada yake, Lisette na Divin. Baba mkwe, mzee Zénon, aliyeshinda hapa tangu siku ya kwanza ya msiba. Ndugu wawili walio Walungu, ambao barabara haikuwaruhusu kufika. Na mafundi wenzake wote wa Nyakabiga. Familia inawashukuru waliobeba, waliopika, na waliokaa tu bila kusema kitu. Na Mungu aliyeyajua ya ndani ya nyumba ampokee bila maswali mengi, ampe pa kulala penye utulivu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi.

Uwanja ulijaa mapema. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, majamvi yametandikwa juu ya tope. Wageni walipewa viti vya nyuma ya meza. Sylvère alivaa shati jeupe alilovalia ubatizo wa Loïc, akaita majina kwa sauti ya kawaida. Idi akakaa, jicho la kinyago likatoka, akaamka. Mama Caritas akakaa, mdomo wa chungu ukafunga, akaamka. Wengine wakafuata. Lilipobaki jina moja, Sylvère alikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Jina linalobaki ni langu," akasema, "na mi sitakaa. Tangu niugue sijabandika hata jani moja. Nyuso zote munaziona pale ukutani ni za bibi yangu. Mulipongeza mimi, nikanyamaza. Munisamehe, ao musinisamehe, lakini mumujue."

Mtu huko nyuma akasema, "Kumbe walitudanganya." Mwingine akacheka. Idi akasema taratibu, na safari hii haikuwa mzaha, "Kaka, mi nilikuombea hadi huo mukono."

"Ulifanya vizuri," Sylvère akamjibu. "Mungu alisikia, akakosea mulango tu."

Mama Caritas alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, kwa maana yeye ndiye mlinzi wa uwanja ule. "Desturi ni moja," akasema. "Mwenye mkono akae, ao picha zishuke. Zote."

Consolée alikuwa amesimama kwenye ukuta na kitenge chake, kati ya watoto. Hakusogea. Alikuwa amesema hatakaa, na ni mtu wa neno lake. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na kwa miaka kumi na saba katika uwanja ule hakuna aliyewahi kumwangalia hivyo, maana alikuwa yule mama anayepitisha majani. Vijana wawili walikwishafika ukutani, wameshika picha ya kwanza waitungue. Ingrid akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, kaa."

Akakaa.

Alikata kwa hasira, na hasira ilimpa mkono mwepesi. Hakumwangalia mtu. Paji la uso likatoka, pua ikatoka, uso wa mtoto wa kiume asiyejulikana, anayeangalia moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Minong'ono ikapungua. Wageni walisimama ili waone. Vijana wawili walishusha mikono, picha ikabaki ukutani. Lilipofika jani la mwisho, lile la shavu, Consolée alilipaka gundi, akaliweka, akalibana kwa kidole gumba. Hapo kazi yote ni kungoja. Ukiachia mapema jani linanyanyuka, na kipande chote kimekufa.

Sylvère alikuwa amekuja kusimama upande wake, mahali pale ambapo yeye Consolée hukaa miaka yote. Jasho lilikuwa linamtoka, akalifuta kwa kushoto. Akainama kidogo.

"Shavu limekaa vizuri," akamwambia.

"Usiniongeleshe," akasema Consolée, macho kwenye jani.

"Sawa. Natoka kidogo, nipate hewa."

Consolée alisikia pumzi ya mume wake inakwaruza na akanyanyua macho. Alimwona anapita kati ya watu, mkono wa kuume umeshikwa na wa kushoto, watu wanampisha, mmoja anamwamkia, yeye anaitikia kwa kichwa. Kitu kilimwambia Consolée aamke. Kidole kilikuwa juu ya shavu na gundi bado ina maji, na Mama Caritas amesimama mbele yake anatazama. Akasema moyoni, jani likishika tu, namfuata, namwambia yaishe.

Sylvère alifika kwenye lango la bati, akalisukuma kwa bega, akatoka. Hakurudi.